Njaa Katikati ya Chakula

Ndugu musomaji, umepata kuona mutoto anayekula vizuri lakini anakonda? Anakunywa maji muchana na usiku, anakojoa kila mara, na sisimizi wanakusanyika penye mukojo wake. Watu wanasema: “Alilishwa sumu.” Baba anauza mbuzi wawili, anamupeleka mutoto kwa mulaguzi. Siku zinapita, mutoto anakufa. Ninataka kusema wazi: dalili hizi ni za ugonjwa wa sukari, na mutoto wa namna hii anaweza kuishi.

Tujifunze kwanza ginsi chakula kinavyotumika. Bukari, ndizi na viazi vinavunjwa tumboni kuwa sukari inayoitwa glukozi. Sukari hii inaingia katika damu, na damu inaipeleka mahali pote. Lakini damu ni njia tu, si nyumba. Mwili umejengwa kwa chembe ndogo sana zisizoonekana kwa macho. Ndani ya chembe hizo sukari inachomwa pamoja na hewa tunayovuta, kama kuni jikoni, na hapo tunapata nguvu na joto.

Ubongo unapokea sukari bila kungoja. Lakini chembe za misuli na za mafuta zinangoja ishara. Ishara hiyo ni insulini, inayofanywa na kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo. Insulini ikigusa chembe, milango ya sukari inatoka ndani ya chembe na kukaa ukutani kwake, na sukari inapita. Insulini ikikosekana, sukari inajaa katika damu, na figo zinaitupa pamoja na maji mengi. Mwili unakuwa kama mutu mwenye njaa mbele ya gala iliyofungwa. Unachoma mafuta yake na nyama yake, na uchachu unazidi katika damu. Mutoto anatapika, anapumua kwa nguvu, pumzi yake inanuka kama matunda yaliyoiva mno, kisha anazimia.

Zamani ugonjwa huu wa watoto haukuwa na dawa. Mwaka 1921 Frederick Banting na Charles Best, katika muji wa Toronto, inchi ya Kanada, walitoa insulini katika kongosho za mbwa. Mwezi wa Januari 1922 kijana Leonard Thompson, mwenye miaka 14, alipigwa sindano za insulini. Aliishi miaka 13 zaidi.

Basi maoni yangu ni mawili.

La kwanza: mutoto anayekunywa na kukojoa kupita desturi, naye anakonda, apimwe sukari siku ile ile, mbele ya kumutafuta mwenye kosa. Kushitaki jirani kunavunja nyumba mbili, wala hakushushi sukari hata kidogo. Nanyi wauguzi, musiseme “ni malaria” na kunyamaza. Pimeni.

La pili: mutu asiachishwe insulini. Wengine wanasema: “Amepona, amenenepa.” Amenenepa kwa sababu ya sindano! Wengine wanasema: “Leo hakula, tusimupige.” Hata asipokula, ini linaendelea kutoa sukari, na homa inaizidisha. Kipimo kinaweza kubadilishwa, lakini munganga ndiye atakayesema. Nasi tunaoomba kwa ajili ya wagonjwa, tusimwambie mutu atupe chupa yake.

Utajibu: “Insulini ni ya bei kali, nasi hatuna friji.” Ni kweli, ni muzigo mukubwa. Lakini mbuzi wawili waliokwenda kwa mulaguzi wangenunua dawa. Tena chupa inayotumiwa inaweza kukaa karibu majuma manne mahali pasipo na joto kali. Weka chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, tia muchanga wenye maji katikati, funika, weka kivulini. Usiache chupa juani.

Na mutoto aliyepigwa sindano akitetemeka, akitoka jasho, akisema maneno yasiyoeleweka, sukari imeshuka mno. Umupe maji ya sukari upesi, kama anaweza kumeza, kisha chakula. Kama amezimia, usimutie kitu kinywani, umukimbize hospitali. Jamaa yote wajue jambo hili, hata bibi, hata mwalimu wake, kwa maana hatari haingoji baba arudi shambani.