Karte haipimi shimo

Wakati watalii walipanda Nyiragongo kupitia Kibati, hakuna aliyepita bila kibali cha Parc ya Virunga na mlinzi wa kumtangulia. Mlima ukichafuka, njia ilifungwa. Kijana wa Kibati anayeenda kuchimba koltani, yeye kwa sheria anaombwa karte ya mchimbaji.

Karte hiyo ni ya sheria, inadumu mwaka mmoja. Inasema wewe ni nani. Haisemi kama mvua ya jana usiku imelegeza udongo. Kule Kamituga, tarehe 11 Septemba 2020, mvua kali iliangusha mashimo ya dhahabu, na watu zaidi ya 50 waliripotiwa kufa.

Tunahitaji kibali cha asubuhi, kinachoisha jioni. Kabla ya mtu kushuka, mchimbaji mwenye uzoefu aangalie miti, kamba, maji na hewa, kisha asaini. Hewa zaidi! Sisi wa Kibati tunajua mazuku, namna inaua mbuzi na mtoto bila harufu. Shimo refu nalo linaweza kukunyima pumzi hivyo hivyo.

Najua mutasema: kartasi ingine, makuta ingine. Basi isiuzwe, hata kwa franga moja. Na anayesaini asiwe PDG wa shimo, wala asilipwe kwa kilo. PDG iko na madeni. Siku ya mvua atasema mushuke tu. Jina la aliyesaini liandikwe kwenye ubao, karibu na shimo, fasi mama anayeleta chakula anaweza kulisoma.