Samba: Tunamuosha Binti au Tunamuuza?

Wadau, leo sipambi maneno. Juzi nilikuwa Samuye, huku kwetu Shinyanga Vijijini, nikakutana na mama mmoja ninayemfahamu. Nikampa shikamoo, nikamuuliza habari za binti yake wa kidato cha pili. Akanijibu kwa furaha kabisa: "Tumeshamuosha samba, mwanangu. Wakwe wako njiani."

Kwa wasiojua, samba ni dawa. Binti anapelekwa kwa mganga, anaogeshwa ili nuksi imtoke na apate mvuto, wanaume wamuone, aolewe haraka. Una miaka 15 na hakuna aliyepiga hodi? Una mkosi!

Jamani, hebu tuulizane. Kama dawa ina nguvu ya kumleta mwanaume na ng'ombe zake, mbona hakuna mzazi anayemuogesha binti ili afaulu hesabu? Mbona kaka yake, mwenye miaka 25 na yupo tu kijiweni, haogeshwi? Jibu tunalo: kaka haleti ng'ombe. Hiyo nuksi si ya binti, ni ya zizi tupu la baba.

Mganga naye hapati hasara hata siku moja. Binti akiolewa, dawa imefanya kazi. Asipoolewa, nuksi bado ipo, leteni hela tena. Na habari ikishaenea kuwa binti wa fulani ameoshwa, kila mwanaume anajua pale kuna mke. Dawa yenyewe ni hilo tangazo!

Kuna watakaosema ni mila, niiheshimu. Mimi ni Msukuma, sikukulia Ulaya. Ngoma za Bagika na Bagalu nazipenda mno. Lakini tazameni ramli inampeleka wapi mwanamke wetu. Anaolewa mtoto, anazaa akiwa mtoto, anazeeka jikoni akipikia kinyesi cha ng'ombe mpaka moshi unamfanya macho mekundu. Siku mtu akifa pale kijijini, watu wanarudi kwa mganga, naye anawaambia mchawi ni bibi mwenye macho mekundu. Usukumani tumeshazika vikongwe wengi waliokatwa mapanga kwa maneno kama hayo. Ramli inamuoza akiwa mtoto, ramli inamuua akiwa bibi. Na katikati hapo hakuna aliyemuuliza anataka nini.

Sheria je? Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2010 ulionyesha Shinyanga inaongoza nchi nzima: asilimia 59 ya wanawake wa miaka 20 hadi 24 waliolewa kabla ya kufika 18. Julai 2016, katika kesi ya Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ikasema vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi vinakiuka Katiba, ikaipa serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ikakata rufaa, ikashindwa Oktoba 2019. Huo mwaka mmoja ukapita, ukapita na mwingine, bila marekebisho. Mwaka 2016 huo huo ikaja adhabu ya miaka 30 jela kwa anayeoa mwanafunzi. Safi sana! Ila wajanja wameshajua dawa yake: mtoe shule kwanza, ndipo umuoze.

Nilimweleza yule mama haya yote. Akacheka, akasema nimesoma mno. Nikatoka pale nikampigia mwalimu wa binti kabla ya kumpigia mtu mwingine yeyote. Najua Samuye kuna watakaoniita msaliti, na huenda yule mama hatanikaribisha tena. Sawa tu. Nyie mnaojua binti aliyeoshwa wiki hii, simu mnazo.

Binti hana nuksi. Nuksi yake ni sisi tunaonyamaza.

Nawasilisha.