Mpira wa binti umeonekana. Ripoti zake za shule ziko wapi?

Mwezi wa sita Namswea ni mwezi wa kahawa. Mikono yote inatakiwa shambani, na wakati huohuo shule zinachagua wachezaji wa UMISSETA. Chukua familia moja ya huko. Binti yuko kidato cha tatu, anacheza namba tisa, amechaguliwa timu ya wilaya. Mama anataka kahawa ichumwe kwanza. Baba ameshawatangazia wenzake kijiweni kwamba mwanawe anakwenda Marekani, kwa sababu kuna mtu amemtumia ujumbe kwenye simu: chuo kimeona video ya binti, tuma pesa ya usajili haraka, nafasi zinaisha.

Mzazi, kabla hujauza kahawa mbichi ili utume hiyo pesa, jua kwanza mlango huo unafunguliwaje.

Kwanza, mlango upo kweli. Suleiman Nyambui alikimbilia chuo kikuu cha Texas kilichopo El Paso, akatwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani, na mwaka 1980 akaleta medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Olimpiki ya Moscow. Hasheem Thabeet alitoka Dar es Salaam, akamalizia sekondari Houston, akacheza kikapu miaka mitatu chuo kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili kuingia NBA. Kwa wasichana wa soka mlango ni mpana kuliko wazazi wengi wanavyodhani. Sheria ya Marekani ya mwaka 1972, iitwayo Title IX, inakataza shule na vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu kubagua mtu kwa jinsia yake, na imesaidia sana kuongeza timu za wanawake na ufadhili wake. Ile football yao wenyewe, ya kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai, ni mchezo mwingine kabisa. Lakini masharti ya darasani ni yaleyale.

Na hayo masharti ya darasani ndiyo yanayosahaulika. Hapa kwetu klabu ikimtaka mchezaji inaangalia miguu yake, haimwulizi Kemia alipata ngapi. Ndiyo maana tumezoea kusema huyu si wa kusoma, huyu ni wa mpira. Kule timu ni ya chuo, na mchezaji ni mwanafunzi kabla hajavaa jezi. Chama kikubwa kinachosimamia michezo ya vyuo, NCAA, kina ofisi inayokagua masomo ya kila kijana anayetaka kucheza katika ngazi zake mbili za juu, awe wa Texas au wa Mbinga.

Kwa vyuo vya ngazi ya juu ya NCAA, mwanafunzi anatakiwa awe amemaliza masomo ya msingi 16 ya sekondari, kila moja likihesabiwa kwa mwaka mmoja. Kiingereza miaka minne, Hisabati miaka mitatu, sayansi miwili, masomo ya jamii kama Historia na Jiografia miwili, na mengine ya kujazia. Michezo yenyewe kama somo haihesabiwi. Wastani wake usipungue 2.3 kwa kipimo chao chenye kilele cha 4. Kwa kipimo hicho C ni 2 na B ni 3, kwa hiyo anayetakiwa ni mtoto wa C iliyochangamka. Ngazi ya pili inakubali 2.2. Mtihani wa SAT, uliowatisha wengi, NCAA iliuondoa kwenye masharti yake mwaka 2023, ingawa chuo chenyewe bado kinaweza kuutaka.

Ukiyatazama vizuri, si masharti ya mtoto wa ajabu. Yanamtaka mtoto aliyehudhuria. Tatizo ni kwamba hesabu inaanza mapema sekondari, haianzi siku video iliporushwa mtandaoni. Binti aliyeiacha Hisabati tangu kidato cha kwanza kwa sababu ana mazoezi hawezi kuiokota mwezi wa kumi, wakati mtihani wa taifa ni mwezi wa kumi na moja. Na kurudia mtihani miaka na miaka hakusaidii sana, kwa sababu ofisi ile inaangalia pia kama masomo yalimalizika kwa wakati wake, na muda uliopita tangu mtoto amalize shule.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi wa wanamichezo wanalijua na hawalisemi: umri wa mpira. Mtoto anapunguziwa miaka miwili ili acheze na wadogo, na kila mtu anacheka. Siku cheti cha kuzaliwa, cheti cha NECTA na pasipoti vitakapowekwa meza moja, miaka haitalingana, na aliyepunguza hatakuwepo kujibu. Hata jina. Shuleni anaitwa hivi, kwenye cheti cha ubatizo vile, RITA wameandika la tatu. Hilo lirekebishwe akiwa kidato cha pili, lisisubiri safari.

Sasa yule wa kwenye simu. Kujitambulisha tu kwenye tovuti ya NCAA ni bure. Ada ipo baadaye, wakati wa kukaguliwa, na inalipwa kwa NCAA yenyewe, haipiti kwenye namba ya mtu. Kanuni zao zinakataza pia mtu kulipwa fungu la ufadhili wa mtoto kwa kumtafutia chuo, na mchezaji aliyekubali mpango huo anaweza kufungiwa. Baba amwulize swali moja tu: mbona hujaniomba ripoti za binti? Kocha wa kweli ataziomba mapema, maana mfungaji asiyeruhusiwa kucheza hana faida kwake.

Hata akipita kwa NCAA, bado chuo kitamtaka aombe nafasi kama wengine, apimwe Kiingereza, kisha viza.

Kwa hiyo kahawa au UMISSETA? Mama hana kosa, kahawa ndiyo ada. Lakini kuna njia: binti aende na timu, na mwalimu wa Hisabati aombwe mapema amfidie vipindi atakavyokosa. Michezo ya shule za msingi, UMITASHUMTA, ina neno Taaluma ndani ya jina lake. Sekondari halikuingia kwenye jina, labda ndiyo maana tunalisahau.

Nyumbani kwao kuna bati la biskuti juu ya kabati, ambamo baba anatunza stakabadhi za kahawa za chama cha msingi tangu misimu ya nyuma. Hakuna hata moja iliyopotea, kwa sababu bila stakabadhi hakuna malipo. Ripoti za binti za kidato cha kwanza na cha pili zilipotafutwa, moja ilikutwa imefungiwa chumvi. Nyingine mwalimu mkuu amesema atatoa nakala Jumatatu.