Jivu, Magadi na Istilahi: Kwa Nini Kiamshi Si Kichocheo

Kuna dhana miongoni mwetu wanafunzi wa Kiswahili kwamba istilahi za sayansi ni shughuli ya wanaisimu, nao wanafasihi wabaki na tenzi na riwaya zao. Sikubaliani na mgawanyo huo. Istilahi nyingi ni sitiari, na sitiari ikipotoka hupotosha maarifa. Nitatoa mfano kutoka uhandisi, uwanja ambao aghalabu hatutii guu.

Saruji ya kawaida hupatikana kwa kuchoma mawe ya chokaa pamoja na udongo katika joto la nyuzi 1,450 hivi za selisiasi. Utengenezaji wake huchangia asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya ukaa itokanayo na shughuli za binadamu. Ndiyo maana wataalamu wametafuta kigandishi kingine. (Nimesema kigandishi makusudi, maana kiunganishi tumekwisha kukipa kazi katika sarufi.) Katika miaka ya 1950 Viktor Glukhovsky wa Kyiv alichanganya alkali na slagi, yaani makapi ya tanuri za kuyeyushia chuma. Katika miaka ya 1970 Mfaransa Joseph Davidovits akabuni jina ambalo kwetu laweza kuwa geopolima. Haya si mambo ya maabara tu: uwanja wa ndege wa Toowoomba Wellcamp nchini Australia, uliofunguliwa mwaka 2014, ulijengwa kwa takriban mita za ujazo 40,000 za zege la aina hiyo.

Chukua jivu la makaa ya mawe kutoka mitambo ya umeme. Ukilitia maji matupu, litabaki tope. Ukilitia mmumunyo mkali wa hidroksidi ya sodiamu, ile ambayo watengenezaji sabuni huiita kostiki, pamoja na silikati ya sodiamu, chembe za jivu huyeyuka na kuachilia silika na alumina, kisha hizo hujisuka upya kuwa wavu mgumu kama jiwe. Hiyo alkali tuiite nani?

Wengi hukimbilia neno kichocheo. Kwa maoni yangu hilo ni kosa, wala si kosa dogo. Kichocheo katika kemia ni kile kinachoharakisha mmenyuko kisha kikatoka kama kilivyoingia, mithili ya mshenga anayeondoka ndoa ikishafungwa. Alkali hii haiondoki. Sodiamu hubaki ndani ya wavu ikisawazisha chaji hasi ya alumini. Imekuwa mmoja wa wenye nyumba. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba hicho ni kichocheo atadhani kiasi chake si hoja kubwa, bora kiwepo. Kumbe nguvu za zege zinategemea kiasi hicho hicho. Alkali ikipungua, jivu haliyeyuki vya kutosha na kigandishi huwa dhaifu. Ikiongezwa, nguvu hupanda, lakini hadi kikomo fulani tu. Ikizidi hapo, wavu huganda kabla haujakomaa na nguvu hushuka, na alkali iliyosalia hujipenyeza hadi usoni pa zege, ikakutana na hewa ya ukaa na kuacha unga mweupe. Uwiano wa silika na sodiamu katika mmumunyo nao una neno lake, na joto pia: jivu lenye chokaa kidogo huhitaji kupashwa nyuzi 60 hadi 80 kwa saa kadhaa ili lipate nguvu mapema, ilhali slagi, kwa wingi wa kalisi yake, hukaza katika joto la kawaida.

Napendekeza kiamshi. Kitenzi amsha kinaonyesha kitu kilichokuwa kimelala, na jivu kwa hakika limelala, bila kudai kwamba mwamshaji amekwenda zake.

Yamkini atatokea wa kuniuliza: wahandisi wetu husoma kwa Kiingereza, kiamshi hiki ni cha nani? Ni cha fundi. Ndiye atakayeshika ndoo, na hidroksidi ya sodiamu huunguza ngozi na kupofua macho. Maelezo ya kipimo na ya glavu yakimfikia kwa lugha asiyoimudu, atakayeumia ni yeye, si mhandisi.

Tena hatuanzi na mikono mitupu. Neno magadi limekaa jikoni mwetu tangu zamani likilainisha maharagwe, na katika Ziwa Magadi madini hayo yamechimbwa kwa zaidi ya karne moja. Kabonati ya sodiamu itokayo huko nayo ni kiamshi, ingawa kipole: hutumiwa zaidi na slagi, na zege lake huchelewa kushika likilinganishwa na la hidroksidi. Hapo pana kazi kwa wanaisimu na wanakemia kuketi pamoja. Je, tuseme magadi kwa alkali zote za sodiamu, au kwa kabonati peke yake? Mimi naelekea upande wa pili, kwa kuwa mpishi anayeyajua magadi asije akadhani kostiki nayo yashikika kwa kiganja.