HISTORIA YETU ISISOMWE NUSU

Mjini Nyeri, katika makaburi yaliyo karibu na Kanisa la Mtakatifu Petro, amelala Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa uskauti, aliyefariki tarehe 8 Januari 1941. Kaburi lake lina jiwe na maandishi, linatunzwa, na maskauti kutoka pembe zote za dunia hulizuru. Hatuna kinyongo nalo, kwa maana maiti hustahiki heshima. Lakini Dedan Kimathi, mwana wa Tetu, aliyehukumiwa kifo katika mji huo huo mwezi Novemba 1956 na kunyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, alizikwa pasipo alama yoyote. Mjane wake, Mukami, aliomba kwa miongo mingi apewe mifupa ya mumewe aizike. Alifariki Mei 2023 akiwa hajaizika.

Ndugu wasomaji, wapo watakaouliza: jarida la wapigania mageuzi lina shughuli gani na mambo ya kale? Jibu letu ni fupi. Kila utawala ulioshika nchi hii umetaka kuwa msimulizi wa pekee wa habari za jana. Umetaka hivyo kwa sababu mwananchi asiyejua shamba lake lilipotea kwa njia gani hawezi kulidai, na asiyejua ni nani aliyemtetea zamani hatamtambua mtetezi mwingine akija. Kwa hiyo twasema: historia ya Nyeri na ya miji inayouzunguka Mlima Kenya, tangu kuja kwa wakoloni hadi siku zetu, isomwe yote, ya fahari na ya fedheha. Na kazi hiyo tuianze wenyewe, kabla mashahidi wa mwisho hawajatutoka.

Tutazame mwanzo. Kituo cha serikali kilifunguliwa Nyeri mwezi Desemba 1902, wakati majeshi ya Waingereza yalipowavamia watu wa Tetu. Mmoja wa maofisa hao, Richard Meinertzhagen, aliacha shajara iliyochapishwa mwaka 1957, na humo anasimulia bila haya vijiji vilivyochomwa, watu waliouawa na mifugo iliyotekwa. Vitabu vingi vimemtegemea. Hata hivyo, mtu huyo huyo alikuja kugunduliwa na wataalamu wa ndege kwamba aliiba vielelezo vya makumbusho na kughushi maelezo yake. Shahidi wa namna hiyo ndiye aliyetuandikia habari za babu zetu! Walioporwa mbuzi hawakuwa na shajara. Walikuwa na masimulizi, na masimulizi hayo hayakuitwa kutoa ushahidi.

Nyuma ya bunduki zikaja sheria. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1915 iliweka ardhi ya Waafrika chini ya Mfalme wa Uingereza, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza umri alilazimishwa kuchukua kipande. Lakini asitudanganye mtu kwamba habari hii ni ya kabila moja. Kati ya 1911 na 1913 Wamaasai waliondolewa Laikipia ili masetla wapate nafasi, na mji wa Nanyuki ukakua kama mji wa masetla hao. Waembu na Wameru nao wana yao ya kusimulia. Anayeuita mlima huu mali ya ukoo wake peke yake hajausoma.

Wamisionari nao walikuja. Wale wa Consolata waliingia nchi ya Wakikuyu mwaka 1902, na Kanisa la Skotlandi likafungua Tumutumu mwaka 1908. Shule na hospitali walizozijenga zimewalea wengi wanaosoma ukurasa huu. Mtawa Irene Stefani, ambaye wananchi walimwita Nyaatha, yaani mama wa huruma, alifia Gikondi mwaka 1930 akihudumia wagonjwa, na Mei 2015 alitangazwa Mwenye Heri mjini Nyeri mbele ya umati mkubwa. Mema haya tuyasome kwa shukrani. Lakini tusome pia mgogoro wa mwaka 1929, misheni zilipowadai waumini wao waikane tohara ya wanawake, na maelfu wakatoka na kujenga shule na makanisa yao huru kwa michango yao wenyewe. Leo sheria ya mwaka 2011 inawalinda binti zetu dhidi ya tohara hiyo, nasi twaiunga mkono kwa dhati. Hilo halituzuii kukiri kwamba wazazi waliojijengea shule bila senti ya serikali walitufundisha kujitegemea, na kwamba serikali ya kikoloni ilizifunga shule hizo Hali ya Hatari ilipoanza, kwa kuwa ilimwogopa Mwafrika anayejiamulia mambo.

Hali ya Hatari yenyewe ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Siku mbili baadaye Chifu Nderi wa Nyeri aliuawa. Waafrika 1,090 walinyongwa kwa makosa yaliyohusishwa na Mau Mau. Kuanzia mwaka 1954 watu zaidi ya milioni moja wa Kikuyu, Embu na Meru walihamishwa kwa nguvu na kusongamanishwa katika vijiji vilivyozungushiwa ua na kulindwa kwa silaha. Wanawake walitolewa kila asubuhi kuchimba handaki kandokando ya msitu ili chakula kisiwafikie wapiganaji. Baadhi ya masoko tunayouzia viazi leo yalianza kama vijiji hivyo, na vijana wetu hupita hapo bila kujua.

Na hapa ndipo penye ugumu, ndugu wasomaji, wala hatutaukwepa. Wapo waliokula kiapo kwa hiari yao, na wapo waliolishwa kwa panga shingoni. Wapo Wakristo waliokikataa kwa ajili ya imani yao wakauawa. Wapo homugadi waliojiunga kwa hofu, wengine kwa kulipiza kisasi cha ndugu aliyechinjwa, na wengine kwa tamaa. Wakati maelfu ya wanaume wako vizuizini, mashamba yalikusanywa, yakapimwa na kuandikishwa upya. Aliyekuwapo aliweza kujitetea mbele ya kamati, asiyekuwapo hakuweza, na jina likishaandikwa mara ya kwanza kulifuta kulikuwa vigumu mno. Wajukuu wa pande zote mbili hukaa leo kwenye benchi moja kanisani. Husalimiana, hupokea Meza ya Bwana pamoja, ila kuna maneno wasiyoyatamka.

Uhuru ulipokuja ukimya ukafanywa sera. Mwaka 1962, pale Githunguri, Mzee Kenyatta aliifananisha Mau Mau na ugonjwa uliokwisha kutokomezwa, usiofaa kukumbukwa tena. Wapiganaji walitoka msituni Desemba 1963 wakasalimisha silaha Ruring'u, lakini sheria ya mkoloni iliyokiharamisha chama chao ilibaki vitabuni hadi mwaka 2003. Jamani, miaka arobaini! Mwaka 1969, baada ya kuuawa kwa Tom Mboya, watu walisombwa kwa malori kulishwa kiapo kipya cha kuulinda utawala, na viongozi wa makanisa waliopaza sauti dhidi yake walikuwa wakiilinda roho ya taifa. Maina wa Kinyatti, mhadhiri aliyekusanya nyaraka za Mau Mau, alihukumiwa kifungo cha miaka sita mwaka 1982 kwa kupatikana na maandishi yaliyoitwa ya uchochezi. Mwaka huo huo Kifungu cha 2A kiliifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja kisheria. Haikuwa sadfa: utawala unaoogopa chama cha pili huogopa pia simulizi ya pili.

Habari za mageuzi nazo ziandikwe. Askofu David Gitari, mchungaji wa Mlima Kenya Mashariki, alikemea kura ya mlolongo, na Aprili 1989 nyumba yake ikavamiwa usiku. Saba Saba ya mwaka 1990 ililipuka Nairobi na kusambaa hadi miji ya Mkoa wa Kati. Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991. Februari 1992 Wangari Maathai, binti wa Ihithe, aliketi na akina mama wa wafungwa wa kisiasa katika Bustani ya Uhuru. Lakini hata harakati hizi zisisomwe nusu. Mwaka huo huo kura za mlima ziligawanyika kati ya Matiba na Kibaki, naye Moi akarudi madarakani kwa takriban asilimia 36 ya kura. Mtoto anayesimuliwa ushujaa bila kusimuliwa mgawanyiko ataurudia mgawanyiko.

Wapo wema wanaotuonya tusifukue makaburi, tukaamsha ugomvi uliolala. Twawaheshimu, lakini ugomvi huo haujalala. Umo katika kesi za mashamba, umo katika posa zinazokataliwa bila sababu kutajwa, na kila uchaguzi ukikaribia wanasiasa huuamsha kwa faida yao, wakijua kwamba hofu isiyo na maelezo huongozeka kirahisi. Kidonda kilichofunikwa kabla ya kusafishwa hakiponi. Wana wa Israeli walipovuka Yordani waliinua mawe kumi na mawili kutoka mtoni, ili watoto watakapouliza maana yake wapate kuelezwa. Sisi tumevuka mito mingi. Mawe yetu yako wapi?

Tusisahau kwamba ukweli uliofichwa hurejea. Kesi ya wazee wetu mjini London ndiyo iliyolazimisha Serikali ya Uingereza kukiri mwaka 2011 kwamba ilikuwa imeficha mafaili ya makoloni yake 37. Mwaka 2013 ilieleza masikitiko yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Kumbukumbu za kesi ya Kimathi, ambazo kwa miaka mingi hazikuonekana, zilichapishwa mwaka 2017. Wazee wachache waliokubali kusema hadharani yaliyowapata walifungua makabati ambayo hakuna waziri aliyeyafungua.

Basi twapendekeza haya. Kwanza, kila parokia na kila usharika uteue vijana watatu au wanne waende kwa wazee na kunasa sauti zao kwa simu. Aliyekuwa na miaka ishirini mwaka 1952 amepita tisini sasa, na Muthoni wa Kirima, jemadari wa msituni, alituacha Septemba 2023. Waulizwe kijiji chao kiliitwaje, nani alikilinda, shamba lilipimwa lini na nani hakuwapo. Waulizwe kwa ridhaa yao na kwa lugha yao, na waulizwe wa pande zote. Wanawake wasiachwe jikoni wakati waume zao wanahojiwa, kwa maana wao ndio waliobeba chakula usiku na kuchimba handaki mchana.

Pili, madaftari ya ubatizo, kumbukumbu za kamati za shule, vipande na hati za zamani za mashamba zisichomwe wala kuachiwa mchwa. Zipigwe picha, na nakala zihifadhiwe mahali pawili. Tatu, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inampa kila raia haki ya kuiomba serikali habari inazozishikilia. Tuitumie. Makumbusho ya Nyeri, yaliyomo katika jengo lililokuwa mahakama ya wenyeji, yapelekewe wanafunzi, nao wafundishwe kuuliza kila maandishi: nani aliandika, na nani hakuulizwa?

Hatuombi ruhusa ya mtu, wala hatungoji tume. Jumapili hii, baada ya ibada, mtafute mzee mmoja ambaye familia yake haikuwa upande wa familia yako. Keti naye, umwachie aseme, nawe uandike.