Jiwe, Maji na Nyumba ya Mlimani

Jinja ni mji wenye jina la jiwe, kwani katika Kiganda neno ejjinja lina maana hiyo. Hapo Mto Nile ulitoka ziwani ukiruka majabali ya kale, katika maporomoko ambayo Speke aliyafikia mwaka 1862. Bwawa la Owen Falls, liitwalo sasa Nalubaale, lilipokamilika mwaka 1954, maporomoko hayo yalizama.

Askari anayehamishwa kutoka Jinja kwenda Mbale pamoja na jamaa zake hukuta mawe ya asili nyingine. Juu ya mji husimama magenge ya Wanale, ubavu wa Mlima Elgon. Mlima huu, wenye kimo cha mita 4,321, ulikuwa volkano zamani sana, nao sasa umezimika. Ulitema majivu na mawe yaliyoyeyuka, yakalala tabaka juu ya tabaka, ngumu kwa laini.

Maji hula tabaka laini kwanza, kama mawimbi yanavyochimba mwamba wa pwani, na lile gumu hubaki likining'inia mpaka livunjike. Ndiyo asili ya mapango na maporomoko matatu ya Sipi.

Mwamba uliooza hugeuka udongo wenye rutuba, unaostawisha kahawa na migomba. Lakini udongo huohuo ukishiba mvua huwa mzito, ukateleza. Tarehe 1 Machi 2010 uliifunika Nametsi, huko Bududa, ukaua watu wengi. Msiba kama huo uliipata Bukalasi Oktoba 2018, na Bulambuli Novemba 2024.

Kwa hiyo, jamaa wanaotafuta nyumba au kiwanja mlimani yawapasa kuutazama mteremko kabla ya kuulizia kodi. Kuukata mteremko ili kusawazisha kiwanja, au kuufyeka miti, ni kuuondolea nguvu. Wakati wa masika, mama na baba wa nyumba waangalie nyufa mpya ardhini, miti iliyoanza kuinama, mlango unaokwama ghafla, chemchemi isiyokuwapo jana, na kijito kinachogeuka tope au kupungua ilhali mvua inanyesha.

Dalili hizo zikionekana, watu wasingoje asubuhi. Watoto na wazee watangulizwe mahali palipo mbali na mteremko na mkondo wa maji, majirani waamshwe, na kituo cha polisi kipewe habari. Vyombo vya nyumbani hununuliwa tena.