Picha za Hesabu Zisituhadae

Siku hizi hesabu nyingi za shule yetu huchorwa kwa kompyuta. Mvua, mavuno ya pamba, hata alama za mitihani, zote hugeuzwa picha na kubandikwa ubaoni. Jambo hilo ni jema. Lakini wengi wetu huipokea picha kama mashine ilivyoitoa, ati kwa kuwa imetoka katika mashine basi ni sahihi. Mimi nasema sivyo. Mashine ina desturi zake, na desturi hizo zilipangwa na watu.

Tuitazame programu iitwayo Matplotlib, itumikayo pamoja na lugha ya Python. Aliyeianza, mwaka 2003, ni Mmarekani John Hunter, mtaalamu wa mambo ya ubongo, naye alitaka kutazama mawimbi ya umeme katika bongo za wagonjwa wa kifafa. Kwa miaka mingi, mtu aliyechora ramani ya wingi wa kitu bila kutaja rangi alipewa rangi za upinde wa mvua: buluu chini, kisha kijani na manjano, na nyekundu juu. Rangi hizo hupendeza, lakini zina hila. Manjano hung'aa kuliko jirani zake, na kwa hiyo jicho huona ukingo mahali ambapo hesabu imepanda polepole tu. Tena ukiinakili picha kwa wino mweusi, kama gazeti letu hili, buluu ya chini na nyekundu ya juu zote huwa kiza, wala hujui wapi kuna kingi na wapi hakuna kitu.

Sisi watu wa Shinyanga na Geita yatupasa kulitazama jambo hili kuliko wengine. Huku kwetu ramani ya ardhi si pambo la ukutani. Mchimbaji mdogo akionyeshwa ramani ya dhahabu yenye doa jekundu na ukingo mkali, aweza kuuza ng'ombe wake awalipe vibarua wachimbe pale pale, kumbe ukingo umetiwa na rangi, haumo ardhini. Hasara ile atamdai nani?

Dawa ipo, wala hainunuliwi. Michael Waskom alitunga kifurushi cha nyongeza kiitwacho Seaborn, ambacho hukaa juu ya Matplotlib. Kwa mstari mmoja wa amri sura yote ya picha hubadilika, na zimo rangi zilizochaguliwa kwa ajili ya wale wasioweza kutofautisha nyekundu na kijani. Nao wenye Matplotlib hawakulala. Toleo la 2.0, la mwaka 2017, liliuacha upinde wa mvua likashika rangi za viridis, ambazo hutoka kiza hadi mwanga bila kurukaruka. Mmoja wa waliozitengeneza ni Stéfan van der Walt, aliyesoma Stellenbosch, Afrika Kusini.

Hata hivyo nyongeza nayo haifai kupokewa kwa macho yaliyofumbwa. Mstari ule wa amri usipotaja sura nyingine, Seaborn hupaka nyuma ya picha rangi ya kijivu, na kwa wino wetu wa kupimiana hiyo ni anasa. Afadhali kuchagua ile nyeupe yenye mistari.

Wala hakuna kifurushi kitakachomzuia mtu kukata mhimili. Katika sensa ya 2022 mkoa wa Geita ulikuwa na watu 2,977,608, na Shinyanga 2,241,299. Geita yazidi kwa theluthi moja hivi. Lakini anzisha mhimili kwenye 2,000,000 badala ya sifuri, na nguzo ya Geita itakuwa ndefu mara nne ya ile ya Shinyanga! Hesabu ni zile zile, wala hakuna aliyesema uongo kwa kinywa.

Basi naomba chama chetu cha hisabati, kuanzia muhula ujao, kisibandike picha yoyote kabla ya kuinakili kwanza kwa wino mweusi na kuona kama yasomeka. Na chini yake paandikwe mhimili umeanzia wapi.